Waya Usio na Alama

Kufuli halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Asia Ridhiwani alilolithibitisha, akiwa amechuchumaa mlangoni mwa karakana ya Bazilio Nkunzimana mjini Kasulu, saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano. Alimulika tundu la ufunguo kwa tochi ya simu, akaona halina hata mkwaruzo. Akasimama, akapangusa vumbi la mbao magotini.

"Funguo ziko ngapi, mzee Bazilio?"

"Tatu, afande. Mmoja ninao mimi. Mmoja anao Nestori, yeye ndiye hufungua asubuhi. Wa tatu nilimpa yule mwizi wangu, Pasikali."

"Ameshakuwa mwizi kabla sijaandika jina lake?"

"Andika tu. Jioni utaniambia."

Bazilio alikuwa pande la mtu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na msumeno. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na randa moja na panga moja. Leo nusu ya milango ya mji ilikuwa imetoka mikononi mwake. Asubuhi hiyo alikuwa amejibwaga juu ya mzinga mpya wa nyuki, mmoja wa ile ishirini iliyopangwa ukutani ikisubiri wateja wa Kibondo, na mzinga ulilia kila alipojigeuza.

Kilichopotea kilikuwa kontrola, ubongo wa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa katikati ya karakana, meza ya chuma yenye mota tatu za kusukuma huku na kule, na juu yake mota ya nne inayozungusha kisu. Bazilio aliinunua ikiwa imekufa, kutoka mradi wa mbao uliofungwa. Chuma kilikuwa kizima, lakini kompyuta iliyokuwa ikiiamrisha ilishaoza. Fundi umeme Pasikali Niyongabo alitumia mwezi mzima kuchagua kontrola mpya na wiki tatu kuiunganisha.

"Bila hiyo kontrola," alisema Bazilio, "hii ni meza ya kulia ugali. Na watoto wanakuja Ijumaa!"

"Watoto gani?"

Bazilio akashusha sauti kwa mara ya kwanza. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imemwagiza viti arobaini vya watoto wasioweza kukaa wenyewe, kila kiti kwa vipimo vya mtoto wake, mgongo na nyonga na kichwa. Kwa msumeno wa mkono kiti kimoja kilichukua siku nne. Kwa mashine, saa moja. Watoto wa kwanza walikuwa wameshaambiwa waje kujaribu.

Asia akafungua sanduku la umeme lililokuwa ubavuni mwa mashine. Alitarajia kuona nyaya zilizokatwa kwa koleo, kama wafanyavyo wezi wa shaba. Hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa zimefunguliwa skrubu moja moja, zikanyooshwa, zikalazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na kila waya ulikuwa umevikwa kipande cha utepe wa karatasi chenye alama ya penseli. Mstari mmoja. Mistari miwili. Mstari wenye mkia. Pembetatu.

"Mzee Bazilio, umewahi kuibiwa baiskeli?"

"Mara mbili."

"Mwizi alikuachia maelekezo ya namna ya kurudishia gurudumu?"

Bazilio akanyoosha shingo kuzitazama zile nyaya.

Asia akahesabu nyaya. Ishirini na tatu. Akahesabu tepe. Ishirini na mbili. Akarudia kwa kidole, polepole. Waya mmoja mwembamba, wa kijivu wenye mstari mweupe, ulining'inia chini ya wenzake bila alama yoyote. Akaupiga picha peke yake, kisha akazipiga picha na zile alama zote.

Pembeni, mzee mmoja mwembamba alikuwa akipiga randa kana kwamba polisi walikuwa nchi nyingine. Huyo ndiye Nestori Nduwayezu, seremala mwenye miaka arobaini kazini, aliyemfundisha Bazilio kazi. Mkono wa kulia wa koti lake la kazi ulikuwa umeshonwa upya, kwa uzi mweupe wa gunia.

"Amahoro, mzee Nestori."

"Amahoro, mwanangu."

"Nasikia hiyo mashine huipendi."

"Hata miwani yangu siipendi," alisema Nestori bila kuinua macho, "lakini naivaa."

"Huu waya usio na alama unakwenda wapi?"

Randa ikasita kidogo, halafu ikaendelea. "Mimi ni mtu wa mbao, afande. Nyaya muulize mwenye nyaya."

Mwenye nyaya hakuwepo. Simu yake haikupatikana. Jirani yake alisema Pasikali amepanda lori la mahindi alfajiri kwenda Kibondo, na kwapani alikuwa na boksi.

"Boksi lenye ukubwa gani?" aliuliza Asia.

Jirani akapima kwa viganja. Ukubwa wa kitabu kinene. Bazilio, aliyekuwa amemfuata Asia hadi uani kwa jirani huyo, akapiga makofi.

"Si nilisema? Ukubwa ule ule! Anakwenda kuirudisha duka la Kibondo alikoinunua, wampe fedha!"

Gari la kituo lilikuwa na safari ya Kibondo. Asia akapanda.

*

Duka la Shadia Abbasi lilikuwa karibu na stendi ya Kibondo, limejaa betri za sola, taa, vikuza sauti vya makanisa na spea za kila kilichowahi kuharibika. Shadia na Asia walijuana tangu utoto wa Ujiji, kwa hiyo dakika tano za kwanza zilikwenda kwenye habari za ndugu na mashangazi.

"Haya, shoga," alisema Shadia mwishowe, "hukuja hapa kuniulizia shangazi. Sema."

"Kontrola ya mzee Bazilio. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Shadia akapanga maboksi matatu juu ya kaunta. "Pasikali alizipima zote. Hii ndogo ni rahisi, lakini inategemea kompyuta kila dakika. Umeme wa huku ukikatika, kompyuta inazima na mbao imeharibika katikati. Akaikataa. Hii ya pili nzuri, inaunganishwa kwa kebo ya mtandao, lakini nayo inataka kompyuta. Hii ya tatu ina kioo chake na vitufe vyake. Unaingiza flashi yenye mchoro, inasoma, inazituma mota. Akaniuliza maswali wiki nzima. Inatoa mapigo mangapi kwa sekunde? Draiva za zamani, zile zinazoendesha mota, zitayaelewa? Inapokea volti ngapi kwenye swichi? Nikamwambia, kaka, unanunua mashine au unaposa?"

"Leo amekuja?"

"Saa tatu na nusu. Na boksi."

Asia akaweka kikombe chake cha chai ya tangawizi chini. "Boksi la kontrola?"

"Boksi la kontrola, ndiyo, lilikuwa linafanana kabisa."

"Ametaka umrudishie fedha?"

"Hapana." Shadia akacheka. "Ndani hamkuwa na kontrola. Mlikuwa na kontakta aliyoinunua wiki iliyopita, ile swichi kubwa inayokata umeme wote kwa mpigo. Nilimpa ya volti mia mbili na ishirini, yeye anataka ya ishirini na nne. Nikambadilishia. Akachukua na kitufe chekundu kipya, cha aina ya kukata. Kwa mfuko wake mwenyewe, akaniambia nisimwandikie mzee Bazilio."

Asia akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akaupigia mstari chini. Mtu aliyeiba ubongo haendi kuutafutia breki.

"Amekwenda wapi?"

"Hapo nyuma, anakula. Pasikali! Njoo, una mgeni."

Kijana wa miaka thelathini hivi akatokea na kipande cha muhogo mkononi, simu yake ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya Shadia. Aliposikia kontrola haipo, muhogo ulibaki nusu njia ya kwenda mdomoni.

"Imeibwa? Yote?"

"Yote. Nyaya zimefunguliwa na kuwekwa alama. Hizi hapa." Asia akampa simu yake. "Alama zako?"

Pasikali akazitazama, akatikisa kichwa. "Mimi sihitaji alama, afande. Nina mchoro." Akatoa daftari la shule mfukoni, limekunjwakunjwa, kila waya umeandikwa rangi yake na namba ya tundu lake. "Na hizi si herufi za umeme. Sijui ni za nini."

"Na huu usio na alama?"

Pasikali akaukuza kwa vidole viwili. Furaha yote ya muhogo ikamtoka usoni.

"Wa kijivu wenye mstari mweupe. Huo ni wa kitufe chekundu. Kitufe cha dharura."

"Nieleze polepole."

"Afande, nilivyokifunga mimi, kile kitufe hakizimi mashine. Kinaiomba izime. Ukikibonyeza kinapeleka ujumbe kwa kontrola kupitia waya huu: simama. Kontrola ikipata ujumbe, inasimamisha mota zote. Waya ukichomoka kwa mtikisiko wa mota, ujumbe haufiki. Mashine haijui kama kuna mtu anapiga kelele."

"Kwa nini ulikifunga hivyo?"

"Mzee alikuwa na haraka. Nilimwambia nahitaji kontakta, na kitufe cha aina nyingine, ili ukibonyeza, au hata waya ukikatika wenyewe, umeme unaondoka. Akasema tuanze kwanza, hayo baada ya Ijumaa." Akainamisha kichwa. "Ningekataa. Sikukataa. Ndiyo maana nimekuja leo bila kumwambia, nikafunge kabla hawajaanza kazi."

Asia alitazama tena ile picha. Mtu aliyekuwa makini kuweka alama ishirini na mbili hawezi kusahau ya ishirini na tatu. Labda hakusahau. Labda aliukuta tayari umechomoka, asijue tundu lake ni lipi. Na asichokijua hakukiwekea alama.

"Maliza muhogo wako," akamwambia Pasikali. "Tunarudi Kasulu."

*

Walifika saa kumi kasoro. Bazilio alikuwa bado juu ya ule mzinga, ila sasa ana chai. Alipomwona Pasikali akishuka kwenye gari la polisi bila pingu, alisimama kwa nguvu hadi chai ikamwagika.

"Afande, huyu mbona anatembea mwenyewe?"

"Kwa sababu ana miguu. Kaa, mzee."

Nestori alikuwa akiunganisha mzinga mwingine. Mbele yake zililala mbao nne, kila moja ina ndimi upande mmoja na matundu upande wa pili. Asia alisogea kumtazama. Mzee alichukua ubao, akatazama pembeni, akatafuta mwenzake, akaugonga kwa nyundo ya mti. Zikaingiana kimya. Kwenye kila ncha kulikuwa na alama ndogo ya penseli, na ncha mbili zinazooana zilikuwa na alama moja: mstari wenye mkia kwa mstari wenye mkia, pembetatu kwa pembetatu.

Asia akatoa simu, akaiweka juu ya ubao, picha ya nyaya ikiwa imefunguka.

Nestori akaivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. Akatazama picha, akamtazama Asia.

"Egome," alisema. Ndiyo. "Ni mkono wangu."

"Mukuru!" Bazilio alimwita kwa jina la heshima alilomwita tangu utotoni. "Wewe?"

"Mimi."

"Imekwenda wapi?"

"Haijakwenda popote. Umeikalia tangu asubuhi."

Bazilio alitazama chini ya makalio yake. Kisha akaruka kama aliyechomwa na nyuki wa kweli. Nestori akafunua kifuniko cha mzinga, akatoa kitu kilichofungwa kwenye fulana safi: kontrola, kioo chake hakina doa, na kando ya kila tundu kipande cha utepe chenye alama ya penseli.

"Sasa tueleze," alisema Asia.

"Nimeshaeleza Jumatatu. Hakusikia."

"Nieleze mimi."

Nestori akanyoosha mkono wa kulia, koti likaonyesha ule uzi wa gunia. Jumatatu mchana Bazilio alikuwa ametoka nje kupokea simu, mashine ikijaribiwa. Nestori alisogea kuondoa kipande cha mbao kilichokuwa njiani. Meza ikaja haraka kuliko alivyodhani, ikaudaka mkono wa koti. Akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikaendelea. Akabonyeza tena. Ikaendelea, kisu kinazunguka shubiri moja kutoka kiwiko chake. Akalichana koti kwa nguvu zake zote, akakimbilia swichi kubwa ya ukutani.

"Nikamwambia huyu. Akacheka. Akasema, mukuru, mashine imekutisha. Jana jioni akatangaza vijana wanne wataanza kazi nayo leo saa mbili. Nimeshamzika seremala mmoja katika maisha yangu, aliyechukuliwa na msumeno. Sikutaka wa pili." Akashusha mkono. "Nikasema, wacha niutoe ubongo. Bila ubongo haiumi mtu. Nikaweka alama ili Pasikali asihangaike kurudishia. Waya mmoja niliukuta nje, sikujua kwao ni wapi."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Ningesema, wangeirudisha na kuanza kazi. Nilikuwa namsubiri Pasikali."

Bazilio alikuwa amekunja mikono. "Mimi nilikibonyeza kitufe hicho wiki iliyopita," alisema, "na mashine ilisimama."

"Basi kibonyeze tena," alisema Asia.

Akampa Pasikali kazi: airudishe kontrola kwa alama za Nestori peke yake, daftari lake libaki mfukoni, na waya wa kijivu auache kama ulivyokutwa. Pasikali akachomoa kwanza kisu kwenye mota yake, kisha akaanza. Mstari mmoja kwa mstari mmoja. Pembetatu kwa pembetatu. Alipomaliza ule wa ishirini na mbili alifungua daftari, akalinganisha, akapiga mluzi.

"Hakuna kosa hata moja. Mzee, njoo nikuajiri."

Wakaiwasha. Kioo kikawaka, mota ya juu ikaanza kuunguruma, meza ikateleza kushoto, ikarudi kulia. Nestori alikwenda kusimama kwenye swichi ya ukutani bila kuambiwa.

"Mzee Bazilio," alisema Asia. "Tafadhali."

Bazilio akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba, kwa madaha. Meza ikaenda kushoto. Akabonyeza kwa kiganja. Meza ikarudi kulia. Akakipiga kwa ngumi, mara ya tatu, mara ya nne, jasho likimtoka, na mashine ikaendelea na safari zake. Hapo ndipo ule uso mpana ulipobadilika. Alimtazama Nestori, akautazama ule mkono wa koti, mshono kwa mshono.

"Zima," alisema kwa sauti ndogo. "Mukuru, zima."

Nestori akavuta swichi. Karakana ikanyamaza.

Asia alifungua daftari lake. "Nina lalamiko la wizi hapa. Wizi ni kuchukua mali ya mtu kwa nia ya kumnyima kabisa. Ninayo mali ambayo haikutoka nje ya mlango, na alama ishirini na mbili za mtu aliyetaka irudi mahali pake. Mzee Bazilio, niendelee kuandika?"

"Futa, afande."

"Huwa sifuti. Naandika umeliondoa, unatia saini. Na naandika chini yake kwamba mashine haitawashwa mpaka breki yake ifungwe."

Bazilio akatia saini. Kisha, mbele ya wote, akamwendea Nestori, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na kuinama, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa. "Nisamehe. Nilicheka."

"Mimi ndiye niliyekuibia," alisema Nestori, "halafu unaniomba radhi wewe?"

"Umeniibia nini? Umenikalisha tu."

Pasikali ndiye aliyeanza kucheka, Shadia akafuatia kwenye simu, kwa kuwa Asia alikuwa amempigia kumpa habari na kusahau kukata.

*

Alhamisi yote Pasikali alifunga kontakta. Akatenganisha nyaya za swichi na nyaya nene za mota ya kisu, ili umeme wa mota usivuruge ujumbe wa swichi. Akafunga kitufe kipya, cha kukata. Saa tisa alasiri wakajaribu: Bazilio alibonyeza, kila kitu kikafa. Pasikali akachomoa waya wa kitufe kwa makusudi, kila kitu kikafa. Nestori, ambaye hakuamini mambo ya watu, akabonyeza mara kumi na moja.

Ijumaa saa nne Asia alipita na nakala ya maelezo ya kutiwa saini. Alikuta kiti cha kwanza juu ya meza ya kazi, kimekatwa na mashine na kulainishwa kingo kwa mkono wa Nestori. Mama mmoja kutoka Titye, jina lake Ndayikeza, alikuwa amefika na binti yake wa miaka minne, kichwa cha mtoto kimelala begani mwake.

Nestori akamwonyesha namna ya kumweka. Nyonga kwanza. Halafu mgongo. Kichwa kikaingia katikati ya mabawa mawili ya mbao, kikatulia. Ndayikeza akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili, lakini hakuuondoa mbali.

Mtoto hakuanguka. Alikaa wima, akaitazama karakana nzima, mizinga, randa, kioo chenye taa za kijani, tumbo la Bazilio. Tumbo likamchekesha.

Ndayikeza alisimama mikono yake ikiwa hewani, haijui iende wapi. Nestori akamimina chai, akampa kikombe. Akakipokea kwa mikono yote miwili, akanywa hadi mwisho ikiwa bado ya moto.